Usawa wa Maji: Kutoka Ghuba ya Mwanza hadi Kreta ya Jezero

Mkuyuni iko njiani ukitoka katikati ya jiji la Mwanza kwenda Butimba na Nyegezi. Ziwa liko upande wa kulia, vilima vya mawe upande wa kushoto, na nyumba zimejipenyeza kati ya majabali hadi karibu na vilele. Zipo ambazo ukuta wa nyuma ni jabali lenyewe. Mgeni huuliza ni nani aliyeyapanga mawe makubwa hivyo, moja juu ya jingine. Hakuna aliyeyapanga. Ni graniti iliyoganda polepole chini sana ya uso wa dunia, zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Mvua iliondoa kilichokuwa juu yake, maji yakaingia kwenye nyufa zake na kuzimega kona zake, na kilichogoma kumegeka ndicho tunachokiona leo. Jiwe la Bismarck, lile ambalo kila mgeni wa Mwanza hulipiga picha, ni ndugu wa mawe haya ya Mkuyuni.

Ng'ambo ya barabara kuna ghuba, na chini ya maji ya ghuba kuna tope. Ukililinganisha na graniti, tope hilo limezaliwa jana. Hata hivyo kuna jambo moja ambalo tope linalijua kuliko jiwe: linajua maji yalifika wapi, na ni lini yaliondoka. Historia ninayotaka kuisimulia ni ya swali hilo moja, lilivyoulizwa kwanza kwenye ziwa letu, kisha likaulizwa ndani ya shimo lililochimbwa na kimondo kwenye sayari jirani, Mirihi.

Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke alifika Mwanza akiwa na msafara wake, na ndani yake Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekuwa mkalimani na kiongozi wake. Wasukuma walilijua ziwa hili vizazi na vizazi, wakalivua na kulivuka. Speke hukumbukwa kwa sababu alidai, akiwa amesimama juu ya kilima na bila kulizunguka ziwa, kwamba hapa ndipo Nile inapoanzia. Mimi namkumbuka zaidi kwa kipimajoto chake. Maji huchemka kwa joto dogo kadiri unavyopanda juu, kwa hiyo alichemsha maji, akasoma joto, akakokotoa kwamba ziwa liko futi 3,740 juu ya bahari, yaani kama mita 1,140. Vipimo vya leo hutoa takriban mita 1,134. Kwa bahati au kwa ustadi, huyo alikuwa ameandika usawa wa Ziwa Victoria karibu sawasawa.

Usawa huo hautulii. Mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa 1961 ziliinua ziwa zaidi ya mita 2 kufikia 1964, zikafunika mialo na mashamba ya pwani katika nchi zote tatu. Mwaka 2020, na tena 2024, maji yalipanda vilevile na kuwahamisha watu waliokuwa wamejenga karibu. Sababu yake si ngumu kuielewa. Sehemu kubwa mno ya maji ya ziwa hili hutoka moja kwa moja kwenye mvua inayolinyeshea, na sehemu kubwa mno huondoka kwa jua. Mto mmoja tu, Nile, hulitoa maji nje, pale Jinja. Mvua ikizidi, maji hupanda mpaka Jinja imeze zaidi. Mvua ikipungua sana, Jinja hukauka, na ziwa hubaki limefungwa, likinywewa na jua bila mahali pa kupumulia. Msomaji aishike hali hiyo ya ziwa kufungwa, kwa sababu tutakutana nayo mbali sana na hapa.

Mwaka 1965, wakati ziwa bado limefura, chombo cha Marekani kiitwacho Mariner 4 kilipita karibu na Mirihi katikati ya Julai na kutuma picha 21 pamoja na kipande cha nyingine. Kwa miongo mingi kabla ya hapo watu walikuwa wameamini mambo mazuri kuhusu Mirihi. Tangu Mwitaliano Giovanni Schiaparelli achore mistari aliyoiona kwa darubini mwaka 1877, wengine waliifanya mistari hiyo kuwa mifereji ya kumwagilia, na nyuma ya mifereji wakaweka wakulima. Picha za Mariner 4 zilionyesha mashimo matupu. Kreta juu ya kreta, ardhi kavu iliyopigwa na vimondo tangu zamani sana. Wengi walivunjika moyo wakasema Mirihi ni mwezi mwingine tu.

Hapa inafaa kusimama kidogo kwenye kreta zenyewe, maana nazo zilichukua muda kueleweka. Mwaka 1891 Grove Karl Gilbert, mmoja wa wanajiolojia wakubwa wa Marekani, alichunguza shimo kubwa la Arizona akahitimisha kwamba limefanywa na mlipuko wa mvuke kutoka chini. Ni mwaka 1960 tu, Edward Chao na Eugene Shoemaker walipopata ndani yake aina ya kwatzi inayohitaji mgandamizo mkubwa kupita kiasi ili iumbike, ndipo hoja ya kimondo iliposhinda. Kimondo kikubwa huja kwa kasi ya kilomita nyingi kwa kila sekunde. Mwamba unaopigwa haupati nafasi ya kukwepa. Wimbi la mgandamizo hupita ndani yake, mwamba hurushwa juu na pembeni, kingo huinuka, tabaka za ukingoni hupinduka zile za chini zikawa juu, na katika mashimo makubwa sakafu yenyewe huinuka katikati na kingo kuporomokea ndani.

Afrika nzima ina kreta za namna hiyo takriban 20 tu zilizothibitishwa. Iliyo karibu nasi ni Luizi, kwenye uwanda wa Kundelungu huko Katanga, kama kilomita 1,000 kusini-magharibi ya Mwanza, katika nchi ambako Kiswahili huzungumzwa sokoni na nyumbani. Ina upana wa kilomita 17 hivi na duara zilizo ndani ya duara, lakini ilisubiri hadi 2011 ndipo Ludovic Ferrière na wenzake, miongoni mwao wanajiolojia Wakongo, walipoonyesha ushahidi usiopingika: mawe yaliyopasuka kwa umbo la koni, na chembe za kwatzi zenye mistari myembamba sambamba inayoachwa na pigo la kimondo peke yake. Sisi Tanzania tuna Kimondo cha Mbozi, tani zaidi ya kumi za chuma na nikeli, nacho kimelala juu ya kilima bila shimo linaloonekana. Dunia ina hewa nzito, mvua, mito, na ardhi inayojikunja na kujifungua upya, na vyote hivyo hufuta makovu yake. Mirihi ilipoteza sehemu kubwa ya hewa yake mapema, ikakauka, na ardhi yake haijapinduliwa kwa namna ya kwetu. Ndiyo maana makovu ya miaka karibu bilioni 4 bado yanasomeka kule, wakati Luizi ilihitaji nyundo na hadubini.

Walioivunjikia moyo Mirihi walikuwa na haraka. Novemba 1971 Mariner 9 ilifika ikakuta sayari nzima imefunikwa na dhoruba ya vumbi. Ilisubiri. Vumbi lilipotulia, picha zikaonyesha volkano kubwa, makorongo, na mabonde yenye matawi yasiyoweza kuelezwa kwa upepo. Mito ilikuwa imepita pale. Swali likageuka: mito hiyo ilikuwa ikienda wapi?

Jibu moja lilikuja mwaka 2005. Caleb Fassett na James Head wa Chuo Kikuu cha Brown walieleza kreta moja iliyo kaskazini kidogo ya ikweta ya Mirihi, kwenye ukingo wa beseni kubwa na la kale zaidi liitwalo Isidis. Kreta hiyo ina upana wa kilomita 45 hivi. Ghuba ya Mwanza ina urefu wa kama kilomita 60, kwa hiyo sehemu kubwa ya ghuba yetu ingeenea ndani yake. Mabonde mawili ya mito yanaingia, moja kutoka magharibi na jingine kutoka kaskazini, na kila moja limeacha delta mdomoni pake. Lakini kilichowashika watafiti ni upande wa mashariki: ukingo umekatwa, na bonde la tatu linatoka nje. Baadaye kreta ilipewa jina la mji mdogo wa Bosnia, Jezero.

Kwangu mimi hapo ndipo hoja nzima ilipokaa sawa. Bonde linaloingia kwenye shimo linathibitisha kwamba maji yalipita, hata kama ni kwa siku chache. Bonde linalotoka linathibitisha zaidi: maji yalijaa hadi kufikia kimo cha ukingo, yakaukata, yakaendelea na safari. Jezero ilikuwa na Jinja yake. Kutoka angani, bila kugusa jiwe, watu walikuwa wamesoma usawa wa maji wa ziwa lililokauka zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita.

Kusoma ziwa lililokufa kungekuwa kugumu zaidi kama maziwa hai yasingetufundisha kwanza jinsi yanavyokufa, na la kwetu ni mwalimu mzuri kuliko watu wengi wanavyodhani. Ziwa Victoria si la bonde la ufa. Lilipatikana mito iliyokuwa ikitiririka kwenda magharibi, Kagera na Katonga ikiwemo, ilipozuiwa na ardhi iliyokuwa ikiinuka upande huo, maji yakarudi nyuma yakatanda. Ndiyo maana lina kilomita za mraba 68,800 lakini kina chake kikubwa hakizidi mita 80 hivi. Ni pana na ni la kina kifupi, hivyo halina akiba. Katika miaka ya 1960 Robert Kendall alitoa nguzo za tope upande wa Uganda, akasoma chavua na chumvi zilizomo, akaonyesha kwamba kuna wakati ziwa lilifungwa na maji hayakutoka. Miaka ya 1990 Thomas Johnson na wenzake walipima chini ya ziwa kwa mawimbi ya sauti na kutoa nguzo kutoka sehemu zenye kina kirefu. Chini ya tope laini walikuta udongo mgumu uliopasuka kwa jua, wenye mabaki ya vimizizi. Mahali palipo na maji mengi kuliko pote paliwahi kuwa mbuga. Makala yao ya 1996 ilitikisa watu, kwa sababu ilimaanisha kwamba ziwa lote lilikauka kuelekea mwisho wa enzi ya barafu na kuanza kurudi miaka kama 15,000 hadi 16,000 iliyopita.

Mzozo ukafuata, na chanzo chake ni samaki ambaye kila mvuvi wa Mwanza anamjua: furu. Watafiti wa Kiholanzi walioweka kambi Mwanza tangu miaka ya 1970, Frans Witte miongoni mwao, walikuwa wakihesabu aina za furu ndani ya ghuba hii hii, kabla sangara hajazimaliza nyingi. Ziwa zima lilikuwa na aina zaidi ya 500. Zingewezaje kutokea zote ndani ya miaka 15,000? Wapo waliosema ziwa haliwezi kuwa lilikauka. Tope lilishinda. Nguzo zilizotolewa mwaka 2018 katika maji ya Tanzania, kwa ushirikiano na taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, zilikuwa na maelfu ya meno na mabaki ya samaki, tabaka kwa tabaka tangu maji yaliporudi, na utafiti uliochapishwa 2023 uliwafuata furu tangu mwanzo wa ziwa jipya. Jino la samaki ni dogo kuliko punje ya mtama, na limetunzwa na tope tulivu kwa muda wote huo.

Kwa hiyo Novemba 2018, shirika la anga la Marekani, NASA, lilipotangaza kwamba gari lake jipya litatua Jezero, sababu ilikuwa hiyo hiyo. Delta na tope la ziwa ndizo sehemu ambazo kitu hai, kama kiliwahi kuwepo, kingeacha alama. Vyombo vinavyoizunguka Mirihi vilikuwa tayari vimeona udongo wa mfinyanzi kwenye delta ya Jezero. Gari hilo, Perseverance, lilitua tarehe 18 Februari 2021.

Walichokikuta kwanza hakikuwa tope. Wengi walitarajia sakafu ya ziwa yenye mashapo. Gari lilikanyaga mawe ya volkano. Juu kulikuwa na lava iliyotiririka, ambayo watafiti waliipa jina Máaz, na chini yake mwamba mwingine, Séítah, uliojaa chembe nzito za olivini. Chembe hizo zilikaa chini ya uji wa moto uliokuwa ukipoa polepole, kama mchanga unavyokaa chini ya ndoo ya maji ya ziwa. Jirani wa mawe ya Mkuyuni hapaswi kushangaa sana: graniti yake nayo ilipoa gizani, polepole, na imefika kwenye jua kwa sababu tu kilichoifunika kimeondolewa. Tofauti ni kwamba Séítah ililowana. Maji yalipita ndani ya mwamba huo na kuacha kaboneti. Baadhi ya watu waliona sakafu ya lava kama hasara. Naona walikosea, kwa sababu mashapo ni magumu kuyatajia umri, ilhali mwamba wa moto hubeba saa ndani ya madini yake. Kipande cha lava ya Jezero kikipimwa maabara, kitasema ziwa haliwezi kuwa la zamani kuliko tarehe fulani.

Usawa wa maji nao ukarudi mezani mapema. Mbele ya delta kuna kilima kilichojitenga, Kodiak, kilichoachwa na upepo baada ya delta iliyokizunguka kuliwa. Kamera zilikipiga picha kikiwa umbali wa zaidi ya kilomita 2. Ukuta wake ulionyesha tabaka za kulala chini, kisha tabaka zilizoinama, kisha tabaka za kulala tena juu, mpangilio ambao mto huuacha unapomwaga mchanga ndani ya maji yaliyotulia. Mahali tabaka zilizoinama zinapokutana na za juu ndipo usawa wa maji ulipokuwa. Nicolas Mangold na wenzake walipopima, mwaka huohuo wa 2021, walikuta usawa huo uko karibu mita 100 chini ya ule uliokuwa umekadiriwa. Maji yalipokuwa yakijenga sehemu ile ya delta hayakuwa yakifika kwenye mkato wa mashariki. Jezero ilikuwa imefungwa, kama Victoria ilivyowahi kufungwa Jinja ilipokauka. Juu ya tabaka hizo, kwenye delta yenyewe, kuna mawe makubwa, mengine ya zaidi ya mita 1, yaliyoburutwa na mafuriko ya baadaye. Ziwa lililojaa hadi kumwagika, ziwa lililoshuka na kufungwa, na mwishoni mito ya ghafla: hiyo si picha ya maji yaliyopita mara moja. Ni ya ziwa lenye misimu mirefu ya kupanda na kushuka.

Aprili 2022 gari lilifika mbele ya delta, na hapo mwamba wa tope ukapatikana, laini wa chembe, wenye chumvi za salfeti, aina inayoachwa na maji yanayokauka. Sampuli zilichukuliwa, zikafungwa kwenye mirija ya titani. Kisha gari lilipanda delta, likaingia kwenye Neretva, bonde la mto ulioilisha Jezero kutoka magharibi. Julai 2024 lilikuta humo jiwe la rangi ya kutu lililopewa jina Cheyava Falls, lenye madoa meupe yaliyozungushiwa ukingo mweusi, ambayo watafiti waliyaita madoa ya chui. Makala iliyochapishwa Septemba 2025 na Joel Hurowitz na wenzake ilieleza kwamba madoa yana madini ya chuma na fosfati yanayoitwa vivianiti, pamoja na greigiti ya chuma na salfa, yakiwa pamoja na kaboni ya asili ya viumbe au ya kemia tupu. Duniani vivianiti hutokea mara nyingi kwenye tope la maziwa na vinamasi, pale vijidudu vinapokula mabaki ya viumbe na kubadilisha chuma. Watafiti hawakusema wamepata uhai. Walisema wamepata alama inayoweza kuwa ya uhai, na kwamba njia zisizo za uhai bado hazijafungwa. Naiheshimu lugha hiyo ya tahadhari. Mzozo wa furu wa Ziwa Victoria ulichukua miaka zaidi ya ishirini, na hapo watu walikuwa na mitumbwi, maabara na ziwa lenyewe miguuni pao.

Swali la Cheyava Falls litajibiwa kwa mikono, kwa kupima isotopu za chuma na salfa katika maabara za duniani. Mrija wenye kipande chake uko Mirihi. Aprili 2024 NASA ilikiri kwamba mpango wa kuirudisha mirija hiyo ulikuwa umefikia makadirio ya dola bilioni 11 na kusogea hadi mwaka 2040, ikaomba mapendekezo mapya yenye gharama nafuu. Mirija 10 imeachwa chini kwenye sakafu ya kreta tangu mwanzo wa 2023 kama akiba, iwapo gari litaharibika.

Gari halikungoja. Agosti 2024 lilianza kuupanda ukingo wa magharibi wa Jezero, na Desemba likafika juu. Ukitazama njia yake tangu 2021, imeisoma kreta kinyumenyume: lava na delta kwanza, kisha mto, na mwisho pigo lenyewe. Kule juu mawe si ya ziwa wala ya volkano iliyolala sakafuni. Ni vipande vilivyong'olewa kutoka chini na kuinuliwa siku kimondo kilipopiga, vingine vikiwa na umri unaokadiriwa kuwa zaidi ya miaka bilioni 3.9, kabla ya Jezero kuwepo, pengine tangu enzi ya pigo la Isidis. Mwanzoni mwa 2025 kimojawapo kilichukuliwa kikafungwa kwenye mrija na kupewa jina Silver Mountain. Graniti ya Mkuyuni, ambayo kwetu ndiyo kipimo cha ukale, ni changa kwake kwa zaidi ya miaka bilioni moja.